Formasyo (mafunzo) ya kupima mtawanyiko wa miji midogo hapa L'shi (Lubumbashi): mkono watakufundisha, kusoma nambari ujitafutie

Wacha niweke hukumu mbele ili mwenye haraka asisome yote. Kama kazi yako inagusa ramani, kadasta, maji, barabara, ama una TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya urbanizimu, yaani mipango miji, inakunyima usingizi, hii formasyo lipa, utatoka na kitu. Kama unatafuta tu sertifika ya kubandika kwa CV, acha, maana sertifika yenyewe wanaitoza kando na habari hiyo unaipata mwishoni ukishamaliza kulipa zote. Nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu ile ni ya formateri (mwalimu wetu) peke yake, jamaa anajua kazi. Jina la biro silitaji, nasema huduma tu, sitaki kumharibia mtu soko.

Chenye wanauza ni hivi: unajifunza kuchukua picha za setilaiti za bure, kutoa humo sehemu iliyojengwa, kukata mji vipande vipande, halafu unapiga hesabu ya entropia ya nafasi, yaani nambari moja inayosema kama nyumba za mji zimejikusanya mahali pamoja ao zimetapakaa kila upande. Halafu hiyo nambari unaitumia kujibu maswali ya maendeleo endelevu, mji unakula ardhi kiasi gani, bomba la maji litafika wapi, msitu wa miombo unarudi nyuma mpaka wapi. Na mkazo wao ni miji midogo, si L'shi yenyewe. Hapo niliwapenda hata kabla ya kuingia sale (chumba cha mafunzo). Kila mtu akija na mradi wake anakuja na Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Kipushi, Kasumbalesa, Kambove, Fungurume utazisikia tu habari ikiwa ni ya mgodi ao ya dwane (forodha), na wakati huo huko njo parsele (viwanja) zinauzwa kila siku.

Mji mdogo ni upi? Sale nzima ilitaka kubishana hapo, formateri akatuwekea kipimo chenye Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali mwaka 2020: unachora gridi ya kilomita moja kwa moja, ukipata viboksi vilivyoshikana vyenye watu wasiopungua 300 kwa kilomita mraba na jumla yao wasiopungua 5,000, huo ni mji, ukifika 1,500 kwa kilomita mraba na jumla 50,000, hilo ni jiji. Basi, tukaendelea. Afadhali hivyo kuliko kufuata cheo cha kwenye arete (amri ya serikali).

Sehemu ya kwanza ni kazi ya mkono na njo sehemu bora ya formasyo yote. Programu ni QGIS, ya kuchora na kupima ramani, ilianza 2002, ni ya bure, hakuna krak (kuvunja kufuli ya programu ya kulipia) na hakuna virusi vya krak (wanaotumia zile nyingine za kuiba mnanielewa vizuri). Somo la projeksyo (namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa), lenye kwingine wanaliruka kwa sababu linachosha, yeye alilishika kwa nguvu: data nyingi zinakuja kwa digrii, sasa ukiiambia programu ikuchoree duara ya 1 kuzunguka soko la Kipushi, inachora ya digrii moja, yaani karibu kilomita 111, duara inameza L'shi yote na inaingia Zambia bila paspoti. Kwa hiyo kwanza unahamisha data kwenda UTM zoni 35 kusini (mfumo wa ramani wenye kupima kwa mita), kodi yake kwenye programu EPSG 32735, zoni hiyo inabeba Kasumbalesa, Kipushi, Likasi, Fungurume mpaka Kolwezi, hapo mita inakuwa mita. Nimeona ripoti za watu wenye diploma kubwa, mahesabu yote ya eneo yako kwa digrii mraba, na wamesaini.

Picha ni za aina mbili. Landsat ya Wamarekani, pikseli (kiboksi kidogo kabisa cha picha) ya mita 30, inakurudisha nyuma miaka mingi na tangu 2008 arshive yake ni bure. Na Sentinel-2 ya Ulaya, pikseli ya mita 10, ambayo ilianza kurushwa 2015. Kwa mji mdogo hii tofauti si ya urembo. Pikseli ya Landsat ni mita mraba 900, na lupango (kiwanja cha nyumba) ya kawaida kwa kartie (mitaa) za pembeni, nyumba ya vyumba viwili, miembe, choo, kabustani ka lenga-lenga, inakaa humo ndani yote na nafasi inabaki, kwa hiyo setilaiti inaona majani na inasema hakuna mtu. Sentinel ina mita mraba 100, hapo bati linaanza kuonekana.

Sasa bati linaonekana lakini udongo pia unaonekana, na hapa njo formateri alinishika kabisa. Kwetu picha safi, zisizo na mawingu, ziko kipindi cha jua, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Kipindi hichohicho majani yamekauka, pori linachomwa, na ardhi nyekundu iko wazi. Programu ukiiacha ichague yenyewe inachukua ardhi nyekundu inaiita nyumba. Na kibaya zaidi ni vichuguu. Wanaojua Katanga wanajua vichuguu vyetu si vile vya kupiga teke, ni vilima, na udongo wake njo tunafyatulia matofali. Kichuguu kikishachimbwa kinaacha duara jekundu tupu, pembeni kuna tanuru la matofali, jivu jeusi, njia ya gari, na kwenye picha yote hayo yanawaka sawasawa na paa. Alitufungulia picha ya pembezoni mwa mji, akazumu, akatuambia tuhesabu nyumba. Kila mtu akahesabu. Halafu akaweka picha kali zaidi juu yake na nusu ya nyumba zetu zilikuwa mashimo ya matofali. Ile remblé ya mgodi nayo ni hivyohivyo, kilima cha mabaki ya madini unaweza kukifanya kartie nzima. Dawa yake ni kuchukua picha mbili za mwaka mmoja, moja ya jua na moja ya mwisho wa mvua wakati pori limejaa: penye rangi yake inabaki vilevile misimu yote miwili, hapo mara nyingi kuna jengo, penye panageuka kijani, hapo lilikuwa shamba. Remblé haigeuki kijani, hiyo unaifuta kwa mkono. Hili somo peke yake lilikuwa na thamani ya nusu ya pesa.

Kuna njia ya mkato pia na hakuificha. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, JRC, kina data inaitwa Global Human Settlement Layer, inakupa eneo lililojengwa kila baada ya miaka 5 kuanzia 1975, gridi ya mita 100, unatelesharje (unapakua) bure. Google nao wana Open Buildings, mzingo wa jengo mojamoja, walianza na Afrika mwaka 2021. Mwenye haraka achukue hizo. Ila alituonya, na mi nakubaliana naye, ile ya mita 100 kwa mji wenye upana wa kilomita tatu inakupa viboksi vichache sana, sogeza kimoja tu na mji umebadilika sura.

Haya, tuje kwa entropia, kitu chenye wameandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Hesabu ilitoka kwa Claude Shannon, 1948, yeye alikuwa na shida za mawasiliano ya simu na telegrafu, hakuwa na habari na miji. Mwaka 1974 Michael Batty akaivalisha jiografia. Utaratibu ni mwepesi: unakata mji kanda, unachukua sehemu ya majengo iliyo kwa kila kanda, unazidisha hiyo sehemu na logi yake, unajumlisha, unageuza alama, halafu unagawa kwa logi ya idadi ya kanda ili jibu likae kati ya 0 na 1. Sifuri: majengo yote yako kanda moja. Moja: kila kanda ina sehemu sawa. Tulikuwa na mji wa mazoezi wa kanda nne. Majengo yakiwa 97, 1, 1, 1 kwa mia, jibu ni 0.12. Yakiwa 70, 10, 10, 10, jibu ni 0.68. Yakiwa 25 kila kanda, ni 1. Mtu yeyote aliyemaliza sekondari anaipiga kwa Excel. Kuna kamtego kamoja kadogo, kanda isiyo na jengo hata moja inakutolea #NOMBRE! (kosa la Excel ya Kifaransa) kwa sababu sifuri haina logi. Unaweka sharti kwamba sifuri irudishe sifuri, lakini hiyo kanda tupu ubaki nayo kwenye idadi ya kanda, usiifute. Wanafunzi wengi wanaifuta ili jedwali lionekane zuri na mji wao unatawanyika zaidi bila hata nyumba moja kuhama.

Mpaka hapo vizuri. Nyota zangu moja na nusu zilianza kuanguka kwenye slaidi iliyofuata, imeandikwa kwamba jibu likipita 0.5 mji umetapakaa, na mji uliotapakaa si endelevu. Kwisha. Wakatoa mpaka rangi: kijani, chungwa, nyekundu.

Angalia tena ule mji wa 70, 10, 10, 10. Majengo saba kwa kumi yako kanda moja, huo mji uliotapakaa ni wapi? Lakini 0.68 imepita 0.5, basi nyekundu. Huo mpaka wa nusu ni desturi ya watu wanaoandika makala, umezoeleka, ila hakuna kitu kwenye hesabu yenyewe kinachosema ukikanyaga 0.5 umeharibu.

La pili ni baya zaidi. Chukua mji uleule, kila kanda uikate katikati, majengo nusu huku nusu kule. Hakuna mtu amejenga, hakuna mtu amebomoa, hata mbuzi hajahama. Sasa una kanda nane na jibu linapanda kutoka 0.68 hadi 0.79. Mi nilipiga hii hesabu kwa simu pale kwenye kiti nikamwonyesha jirani yangu, stajere wa topografi, akasema yaya, basi nikitaka kumtisha mtu naongeza kanda. Njo hivyo leki, unaongeza kanda.

La tatu, ile hesabu haijui nani jirani ya nani. Yale majengo 70 ukiyaweka katikati ya mji ao ukiyaweka mwisho kabisa kule kwenye mgodi, jibu ni lile lile 0.68. Kwa mtu wa bomba la maji hiyo tofauti njo kila kitu.

Na la nne, duara. Wao wanakata mji kwa duara zinazotoka katikati, kilomita moja moja. Duara ya nje ni kubwa kuliko ya ndani, ukienda duara nne ile ya mwisho ina eneo mara saba ya ile ya kwanza. Mji uliosambaa sawasawa kabisa, nyumba kwa umbali uleule kila mahali, haupati 1, unapata 0.87. Batty aliliona hilo mapema, kwenye hesabu yake unagawa kila sehemu kwa ukubwa wa kanda kabla ya kupiga logi. Silabusi yao inamtaja Batty ukurasa wa kwanza halafu hesabu wanayotumia haina hicho kitu chake. Na duara zenyewe kwa miji yetu hazikai vizuri. Kipushi ina kambi za zamani za wafanyakazi wa mgodi, mistari iliyonyooka, na mpaka wa Zambia uko hapo hapo, kwa hiyo duara nusu yake inapima nchi ya watu. Kasumbalesa nayo inafuata barabara ya taifa namba 1 mpaka bariera (kizuizi cha mpakani), ni mji mrefu, katikati yake unaiweka wapi? Kwa dwane? Kwa parkingi ya makamyo? Kila mahali utakapochomeka pini utapata nambari nyingine.

Nisiwaonee, swali lililofungua macho ya sale halikutoka kwangu. Kulikuwa na mama mmoja ametumwa na komini yake, mtu mzima, anaandika yote kwa kaye kwa kalamu ya bluu. Akanyoosha mkono: "Papa formateri, mi nikifika kwa burgmestri (mkuu wa komini) na hii 0.79, ataniuliza ni nzuri ao ni mubaya. Nimujibu nini?"

"Mama, mwambie mji umetapakaa."

"Anajua umetapakaa, Papa, anapita humo kila siku. Anataka kujua bomba lipite wapi."

Sale ikacheka, formateri naye akacheka, na nampa heshima yake kwa sababu hakujitetea. Alisema tutazungumza wakati wa kula. Na kweli wakati wa bukari na sombe (chakula kizuri, samaki mdogo, lakini kizuri) alimwendea akakaa naye na sisi wengine tukasogeza viti, na pale njo formasyo yenyewe ilitokea, isiyo kwenye silabusi.

Alichora kwenye karatasi. Achana na nambari moja ya mji mmoja siku moja, akasema, haina kazi. Chukua kanda zako, zifunge, usiziguse tena, afadhali ziwe kartie zenye mashefu wanajulikana kuliko duara. Pima mwaka wa zamani, pima mwaka huu, kanda zilezile. Ule mji wa mazoezi ukitoka 70, 10, 10, 10 ukafika 55, 10, 10, 25, entropia inapanda kutoka 0.68 hadi 0.82, hiyo inakuambia kuna kitu kinatembea. Halafu unashuka chini kwa kanda: ya nne imetoka 10 ikaenda 25, hapo njo watu wanaenda, hapo njo utume mtu akaangalie kama ni kwenye bonde, kama ni kwenye konsesyo ya mgodi (eneo lenye mgodi ulipewa), kama kuna kisima. Mama akaandika. Mi naongeza moja tu kwa watakaofanya hivyo nyumbani: angalieni asilimia na hekta za kila kanda, msipake rangi ule mchango wa kanda ndani ya entropia, maana kwenye mfano huohuo kanda ya kwanza imeshuka kutoka 70 kwenda 55 lakini mchango wake umepanda, kutoka 0.25 hadi 0.33 (kwa logi ya asili, kabla ya kugawa kwa logi ya idadi ya kanda). Hesabu ya Shannon inafikia kilele kwenye asilimia 37 hivi, kanda kubwa ikipungua inasogea kwenye kilele, kwa hiyo ramani yako itapaka nyekundu kartie inayopoteza nafasi yake.

Kwa nini hayo yote hayamo kwenye slaidi mpaka mama aulize? Njo nyota yangu moja hiyo.

Maendeleo endelevu yenyewe wameyapitia mbio na wamebeba tu vya watu. Kwenye malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya 2015, la 11 ni la miji, na ndani yake kuna kipimo namba 11.3.1: kasi ya mji kula ardhi ugawe kwa kasi ya watu kuongezeka. Ikiwa 1 vinatembea pamoja, ikipita 1 ardhi inaliwa haraka kuliko watu wanavyoongezeka. Ni kipimo kizuri kukiweka pembeni ya entropia, hilo nakubali. Lakini watu unawatoa wapi? Kongo yetu sensa ya mwisho ni ya 1984. Mwaka huohuo Landsat 5 ilirushwa, kwa hiyo tangu wakati huo picha za ardhi tunazo lakini watu hawajahesabiwa tena. Hizi gridi za watu za kutelesharje zinachukua makadirio ya eneo kubwa zinayagawa humo ndani kwa kufuata majengo. Sasa wewe unachukua majengo, unagawa kwa watu waliokadiriwa kutokana na majengo, unashangaa jibu liko karibu na 1. Niliuliza hilo, formateri akasema ni kweli, tumia ukijua hivyo, ama nenda kwa mashefu wa kartie na madaftari yao. Jibu la haki. Slaidi haikusema.

Na hii habari ya kutapakaa ni mbaya siku zote, mi siikubali hivi hivi. Mji ukisambaa bomba linarefuka kwa nyumba zilezile, hiyo kweli, mtoto anatembea mbali kwenda shule, miombo inakatwa na makala (mkaa) inatoka mbali zaidi, kweli. Lakini hizi ni sité (mitaa ya watu wa kawaida) zisizo na mfereji wa maji machafu, kila lupango ina choo chake cha shimo na wengine wana kisima hapo hapo. Bananisha nyumba, punguza lupango, na choo cha jirani kinakutana na kisima chako chini kwa chini, na kipindupindu huku Katanga tunakijua kwa jina. Kwa mji wenye mfereji, kubanana ni akiba. Kwa mji usio na mfereji, kale kanafasi kati ya choo na kisima njo afya yenyewe. Slaidi ya kijani na nyekundu inatoka kwa miji yenye mfereji. Na wapangaji wa usafiri nao wanatumia hesabu hiyohiyo ya Shannon kupima mchanganyiko, soko, makazi, shule, ofisi kwa kartie moja, kwao kubwa ni nzuri! Kambi ya mgodi yenye nyumba peke yake bila soko inapata ndogo na ni mbaya. Mtu akikuambia "entropia ya mji huu iko juu" muulize kwanza ya kitu gani.

Kingine nilichokosa ni mgodi wenyewe. Huwezi kusoma miji yetu bila kalenda ya migodi. Kipushi walianza kuchimba 1924, wakasimama 1993, zinki ikaanza kutoka tena 2024. Fungurume kiwanda kilianza kutoa shaba 2009. Ukichagua miaka yako ya kulinganisha bila kujua hizo tarehe, 2005 na 2015 kwa Fungurume kwa mfano, unapima mgodi halafu unaandika "ongezeko la asili la mji". Ilitakiwa wawe na slaidi ya hiyo, tuko Lubumbashi, si mji ulioanza 1910 kwa ajili ya shaba huu?

Upande wa huduma nitapita haraka. Sale safi, viti vya plastiki. Kura (umeme) ikikatika kuna grupu (jenereta) lakini mafuta yake yalikuwa ya kubembelezana, ukiwa na baterie mbovu utaangalia mashini ya jirani. Koneksyo ya wote ni ya simu moja, watu wakianza kutelesharje picha za Sentinel pamoja (fishie moja inaweza kupita mega 500) kila kitu kinalala. Silabusi imeandikwa kwa toleo la zamani la QGIS, vifungo vingine havipo tena pale vinapoonyeshwa. Tulikuwa wengi kuliko walivyotangaza na wa nyuma hawakuona skrini. Wasaidizi wawili, mmoja mzuri sana, mwingine yuko kwa WhatsApp.

Bei ni ya juu kwa mwanafunzi, ya kawaida kwa mtu anayelipiwa na kazi. Ukienda kikundi wanapunguza, omba, usione haya, na swali la sertifika uliulize siku ya kulipa, mdomo kwa mdomo, wakuandikie kwenye risiti.

Ukiamua kwenda: telesharje picha za mji wako nyumbani usiku wakati mega ni rahisi, picha ya jua na picha ya mvua, ziweke kwa kle (fleshi ya USB). Weka QGIS kabla, kwa Kifaransa, maana mafundisho yote yako kwa majina ya Kifaransa. Beba suri (mausi ya kompyuta), kuchora kwa kidole kwenye laptop ni mateso. Beba mipaka ya kartie kama shefu wako anayo hata kwa karatasi, utaichora mle. Na wakati wa kula usiende kununua krediti (vocha ya simu) nje, kaa karibu na formateri.